Jinsi ya kubuni kabila la wahamaji kwenye stori ya fantasia: anza na mzigo, mavazi baadaye

Ukiamua kubuni kabila linalohamahama, kitu cha kwanza utakachotamani kuandika ni mavazi, tatuu, ngoma na salamu ya ajabu ajabu. Viache kwanza. Ni vitamu sawa, ila msomaji akiuliza kwa nini wanavaa hivyo na wewe mwenyewe huna jibu, basi kabila lako ni urembo tu. Chukua karatasi ujibu maswali mawili: wanahama kwa sababu gani, na mzigo anabeba nani. Mila nyingi zitatokea hapo zenyewe.

Kwenye sababu, tofautisha anayezunguka na anayekimbia. Anayezunguka anajua msimu fulani atakuwa wapi, kaburi la babu yake atalipita tena. Aliyefukuzwa na vita au na zimwi harudi, kwa hiyo mila zake zitakuwa za kukumbuka, mtoto anafundishwa majina ya vijiji ambavyo havipo tena. Ukiwachanganya hawa bila kujua unapata watu wanaolilia kwao wakati hawajawahi kuwa na kwao.

Tufanye mfano, nawaita Wasaleko. Dunia yao ni kavu na ina wingu moja tu kubwa linalozunguka bara zima, mvua inanyesha chini yake basi, na wao na mbuzi zao wanalifuata. Sasa piga hesabu, usiogope hesabu. Mifugo inayochunga huku inatembea inaenda kama kilomita 10 hadi 15 kwa siku, kwa hiyo wingu liende kilomita 10, na likimaliza mzunguko kwa miaka 3 njia yao ni karibu kilomita 11,000. Tayari umepata ukubwa wa bara. Yaani ukiandika msafara wenye wazee, watoto na mbuzi unaokula kilomita 60 kwa siku, anayejua mifugo anafunga kitabu palepale.

Halafu linakuja swali gumu: wingu halisubiri, je mwanamke akijifungua? Hapa ndipo mila inazaliwa. Msafara wao ni mrefu, unachukua siku 6 kupita sehemu moja. Mimba ikikaribia, mwanamke anapelekwa mbele kabisa, anajifungua huko, analala chini ya turubai huku watu wake wanampita polepole, na siku ya sita mkia ukifika anainuka na mtoto wake anaungana nao. Wa mwisho kwenye mkia ndio wanaompa mtoto jina, kwa sababu ndio wa mwisho ambao wangeweza kumwacha. Wagonjwa nao wanapelekwa mbele hivyohivyo. Na anayekata roho pia. Kwa hiyo ukialikwa kwenda mbele watu wanakuangalia usoni kwanza kabla ya kukupongeza, na mtu akitaka kukutukana anakuambia "nenda mbele". Ona sasa, matusi na sherehe ya jina vimepatikana bila kulazimisha, vyote kutoka kwenye urefu wa foleni.

Na siasa yao imo humohumo. Walio mbele mifugo yao inakula majani mabichi, wa nyuma wanakuta tope na mavi ya mbuzi. Kwa hiyo posa haihusu mahari ya ng'ombe, wanabishania nafasi, binti wa nyuma akiolewa na wa mbele ukoo wake unasogea hatua ngapi? Kule mkiani ndiko wanakojificha wadeni, watoro na wageni, si unajua kwenye msafara wa mamba na kenge wamo.

Hata kwenye dunia halisi mila za wahamaji ukizichimba unakuta sababu. Hema la duara la Wamongolia kwa desturi mlango wake unatazama kusini, na huko baridi kali na upepo vinatoka kaskazini. Wabajau wa Indonesia, wahamaji wa baharini, wameishi kwa kupiga mbizi vizazi na vizazi, na utafiti wa mwaka 2018 ulikuta wengu wao, kiungo kinachotunza damu yenye oksijeni na kumsaidia mzamiaji, ni mkubwa kwa karibu nusu kuliko wa majirani zao wa nchi kavu. Fantasia inakuruhusu kusukuma zaidi ya hapo ila usukume kuelekea ileile njia wanayoishi. Lugha pia inabeba ramani: Waroma (si watu wa mji wa Roma, ni wale wa Ulaya wanaoitwa pia "Gypsy") asili yao ni India, na ndani ya lugha yao kuna maneno ya Kiajemi, Kiarmenia na Kigiriki waliyookota njiani. Kwa hiyo lugha ya kabila lako iwe imekopa kwa kila waliowapita.

Ila kwa Waroma usichukue ule uchafu wa kuwafanya wahamaji wote wezi na wapiga ramli, watu hao walikuwa watumwa Moldavia na Wallachia, upande wa Romania ya leo, mpaka 1855 na 1856, na hizo stori zimewaumiza vya kutosha.

Usisahau wenyeji. Ni nadra wahamaji wafugaji kujitosheleza kwa kila kitu, chuma kinataka tanuru na nafaka inataka shamba, na vyungu vya udongo vinapasuka njiani kwa hiyo wao watakuwa na vibuyu na viriba vya ngozi. Lazima wawe na kitu cha kuuza. Wasaleko wanauza ngozi na habari, lakini biashara kubwa ni kwamba vijiji vinaamini Wasaleko ndio wanaolileta wingu, na Wasaleko hawajawahi kukanusha. Mgeni njoo mwenyeji apone, kweli kabisa, na wageni wanapokea shukrani za magunia na magunia. Kijana wao mmoja akilewa akasema ukweli kijijini, hiyo ni stori nzima.

Amua pia anayebaki anahesabiwaje. Kijana kapenda kijijini, kakaa, baada ya miaka 3 msafara unapita tena, ana watoto wawili na shamba. Ni ndugu au ni mwenyeji anayepaswa kutoa gunia? Mimi ningesema anatoa gunia, lakini mama yake ndiye anayelipokea.

Ukianza kuandika, hizi zote usizimwage kwenye sura ya kwanza kama mwalimu wa historia. Mpe mtu sababu ya kuvunja mila. Binti ana mimba na hataki ijulikane, anakataa kwenda mbele, uchungu unamshika akiwa katikati ya msafara, mbuzi wanapita huku na huku, wanawake wanashika kanga zao kumzungushia na wanaume wanajifanya hawaoni. Anza hapo.