Kukereza bakuli la mapambo kwa mti mbichi

Bakuli likipasuka wiki mbili baada ya kung'arishwa, usilaumu mashine ya kukerezea. Mti ulikuwa bado na maji. Mti unapokauka husinyaa zaidi kwa kuufuata mviringo wa gogo kuliko kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome, ndiyo maana bakuli la duara hugeuka umbo la yai, na likiwa nene hupasuka. Dawa yake ni kulikereza mara mbili: kwanza likiwa bichi na nene, halafu likishakauka.

Mbao za soko la Ndeeba, Kampala, nyingi ni nyembamba mno kwa bakuli lenye kina, na mvule una bei isiyofaa kujifunzia. Tafuta magogo ya mwembe, mfenesi au mgrevilea yanayokatwa viwanjani na mashambani. Mwembe hukatika vizuri, ila gogo likilala kwenye mvua huingia ukungu wa madoa meusi na ya kibluu. Kwa pambo, wengine wanayapenda. Mfenesi ni wa njano na hugeuka hudhurungi kadiri miaka inavyopita. Mti wa musizi ni laini, na patasi butu itaunyofoa badala ya kuukata. Mvule una nyuzi zilizopishana, pengine na vijiwe vya chokaa ndani vinavyomaliza makali papo hapo, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Usiukereze bila barakoa.

Kata gogo kwa urefu unaozidi kidogo upana wake, lipasue katikati ya kiini, kisha ondoa kiini chote na sentimita 1 hivi kila upande. Kipande chenye kiini ndani kitapasuka tu. Chora duara la kipenyo cha sentimita 25 kwa bikari, punguza pembe kwa msumeno, na kama hukerezi siku hiyo hiyo, paka nta au rangi ya mafuta kwenye ncha zilizokatwa.

Funga kisahani cha chuma upande utakaokuwa mdomo, kwa skrubu za mbao zisizopungua 6, zikiingia sentimita 2 hadi 2.5. Skrubu nyeusi za jipsamu hazifai, vichwa vyake hukatika. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, wanaweza kukutengenezea kisahani kwa bamba la milimita 10 na nati inayolingana na uzi wa mhimili wa mashine yako. Sisitiza kwamba baada ya kuchomelea, uso wake usawazishwe ukiwa umezungushwa kwenye uzi huohuo, la sivyo utayumba daima.

Kasi ina hesabu yake: kipenyo kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 15,000 na 22,000. Kwa sentimita 25 ni mizunguko 600 hadi 880. Kipande kikiwa bado hakijawa duara, anza na 400, kichwa cha nyuma cha mashine kikikibana kutoka upande wa pili. Sogeza egemeo la patasi hadi milimita 5 kutoka kwenye mti, zungusha kwa mkono uone hakuna kinachogusa, vaa kinga ya uso, kisha washa ukiwa umesimama pembeni. Umeme ukikatika, ondoa bobari (patasi yenye mfereji) kwenye mti na uzime swichi. Umeme ukirudi ghafla usikukute umeinama juu ya mashine.

Noa bobari kwa mteremko wa digrii 55 hivi. Kwanza mgongo wa makali uguse mti bila kukata, kisha nyanyua mpini polepole mpaka unyoya, yaani ukanda mwembamba wa mti, utoke. Ukitanguliza ncha, au mfereji ukitazama juu, bobari hunaswa na kuchimba shimo. Nje kata kutoka kitakoni kwenda mdomoni, ndani kutoka mdomoni kwenda katikati. Hivyo kila unyuzi unakatwa ukiwa umeegemea mwingine chini yake. Ukienda kinyume utaona pande mbili zimechanika na mbili laini. Kitakoni acha kisigino cha kushikwa na taya (kibanio kinachofungwa kwenye mhimili), kipenyo cha sentimita 8, kimo milimita 6, bega lake likiwa bapa. Kisiguse sakafu ya taya. Ni bega linalotakiwa kukaa juu ya ncha za taya.

Geuza kazi, kamata kisigino, chimba ndani. Acha ukuta wa sentimita 2.5, yaani sehemu moja ya kumi ya kipenyo, na kitako kiwe na unene huohuo. Kitako kinene ndicho hupasua mabakuli mengi.

Andika tarehe na uzito, funga bakuli kwenye mfuko wa karatasi pamoja na nyoya zake, uweke kivulini pasipo upepo. Mfuko wa plastiki huozesha. Pima kila wiki. Uzito usipobadilika wiki tatu mfululizo, limekauka. Mara nyingi ni miezi mitatu hadi sita, na mvua za Machi hadi Mei huchelewesha.

Sasa litakuwa yai, na kisigino nacho. Bana bakuli kati ya kipande cha mbao na kichwa cha nyuma, sawazisha kisigino kwanza, ndipo ulirudishe bakuli kwenye taya. Malizia nje, kisha ndani kwa hatua za sentimita 2 au 3 kutoka mdomoni, kila hatua ukiifikisha milimita 7 kabla ya kushuka. Ukirudi mdomoni baada ya kwenda chini, ukuta utatetemeka na kuacha mistari.

Piga msasa 120, 180, 240, 320 kwa nusu ya kasi. Ukiruka namba, mikwaruzo itajitokeza mafuta yakiingia. Paka mafuta ya linsidi mara mbili, kisha nta ya nyuki. Matambara yenye linsidi yatandaze nje yakauke moja moja. Yakirundikwa hupata joto na kuwaka yenyewe.