Jaribu Kamera Isiyo na Kioo Mkononi Kabla ya Kulipa

Dukani kila kamera ni nyepesi. Unapewa bodi isiyo na betri, imefungwa kilenzi kidogo, unaigeuza mara mbili na kuirudisha kaunta. Hapo hujajua itakavyokuwa saa nane mfululizo ndani ya Land Cruiser iliyofunguliwa paa kule Tarangire.

Nenda na lenzi nzito kuliko zote utakazotumia, na uombe betri na kadi viwe ndani. Sony A7 IV ikiwa kamili hivyo ina gramu 658. Ukiifunga lenzi ya milimita 200-600 yenye gramu 2,115, umebeba karibu kilo 2.8, pungufu kidogo ya pakiti tatu za sukari. Tatizo ndipo linapoanzia: kioo cha ndani, kile kilichokuwa kikielekeza picha kwenye kidirisha cha kutazamia, kilipoondolewa, bodi ilipungua unene, na mara nyingi mshiko nao ukapungua, lakini lenzi kubwa zilibaki kubwa.

Shika kamera kama kawaida, kiganja cha kushoto kikiwa chini ya lenzi. Tazama kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Kikining'inia hewani chini ya bodi, vidole viwili vya juu yake ndivyo vitakavyobeba kazi yote. Kibao cha kuongeza kimo chini ya bodi hutibu hilo, ila hakikisha kinaacha nafasi ya kufungua mlango wa betri. Kisha angalia nafasi kati ya mshiko na lenzi. Lenzi nene hubana vifundo vya vidole, na ukivaa glavu ndiyo basi kabisa. Kama ni zumu inayorefuka, ivute hadi mwisho: uzito unahamia mbele, na kamera iliyotulia sasa inainamisha pua.

Jaribio linalofuata ndilo tunaloliamini kuliko yote. Weka jicho kwenye kidirisha cha kutazamia na usilitoe. Badilisha ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga), kasi ya shata (muda inaobaki wazi), fidia ya mwanga (kuongeza au kupunguza mwangaza wa picha), kisha sogeza nukta ya fokasi, pale kamera inapokaza picha, kutoka kona moja hadi nyingine. Rudia mara tano. Mara mbili za mwanzo kubabaika ni ugeni tu. Ukiendelea kupapasa hadi ya tano, vitufe vimefanana mno au vimelala bapa. Gumba likilazimika kuachia mshiko ili kufikia kitufe cha fokasi, kamera itatikisika wakati huohuo duma anapoanza kukimbia.

Mwenye miwani aivae. Rekebisha kwanza gurudumu dogo la diopta, linalolinganisha kidirisha na macho yako, halafu uone kama pembe zote nne zinaonekana bila kuzungusha kichwa. Usiseme utatumia skrini: jua la saa sita mchana Arusha huifanya kioo cha kujitazamia. Ifungue skrini, shika kamera usawa wa tumbo. Kwenye baadhi ya kamera kihisi cha jicho hudhani tumbo ni uso, na picha inazimika kwenye skrini na kuhamia kidirishani.

Anayepanda Kilimanjaro kutokea Moshi ajaribu na glavu zilezile za usiku wa kuelekea kileleni. Skrini ya kugusa haielewi glavu za kawaida, kwa hiyo kila unachohitaji lazima kiwe na kitufe au gurudumu. Na gurudumu lenyewe liwe na kufuli, au angalau liwe gumu kiasi. Kamera ikining'inia kifuani juu ya bodaboda hujisugua kwenye shati, unashuka na kukuta fidia ya mwanga imehama.

Usisahau vumbi. Lenzi ikitoka, hakuna kioo mbele ya kihisi cha picha. Fanya mazoezi ya kubadilisha lenzi mdomo wa bodi ukiwa umeelekea chini, na uone kama kidole kinafikia kitufe cha kufungulia bila kutafuta.

Muuzaji akikataa utoke nayo, ikodi siku moja kwingine na utembee nayo kutoka Mnara wa Saa wa Arusha hadi Soko Kuu na kurudi. Jioni mkono wenyewe utasema. Shina la gumba likiuma, egemeo la gumba ni dogo. Kifundo cha mkono kikiuma, lenzi inavuta mbele. Alama nyekundu kando ya kidole cha shahada ni kile kipete cha mkanda. Badilisha mkanda, kamera haina kosa.