Jinsi ya Kujiandaa kwa Likizo ya Pikipiki za Porini Nje ya Nchi

Anayelipia safari yenye kiongozi hupatiwa pikipiki, njia, fundi na mahali pa kulala. Yanayobaki juu yake ni machache, lakini ndiyo yasiyorekebishika akishafika katikati ya msitu: mwili, karatasi na viatu. Anza maandalizi miezi mitatu kabla ya kuondoka.

Hatua ya kwanza: Eleza uwezo wako bila kujikweza.
Muulize mwandaaji mtakaa juu ya pikipiki saa ngapi kwa siku, na juu ya ardhi ya namna gani, kwa sababu kilomita 80 za mawe na matope huchosha kuliko kilomita 250 za changarawe. Uliza pia urefu wa kiti, maana pikipiki nyingi za porini hufikia sentimita 95 hivi, na mtu mfupi huhitaji kiti kilichopunguzwa. Safari yangu ya kwanza nilijiandikisha katika kundi la wazoefu kwa sababu ya miaka yangu mingi barabarani. Siku ya pili, alasiri, nilikuwa naanguka kila kona.

Hatua ya pili: Soma bima, hasa sehemu ya yasiyolipwa.
Hapa usiwe na haraka. Bima nyingi za safari hutaja pikipiki kwa jumla, kisha chini zaidi huondoa injini inayozidi cc 125, au huondoa kabisa uendeshaji nje ya barabara rasmi, na hilo ndilo hasa unaloliendea. Muulize mwenye bima kwa maandishi kama atalipia kuokolewa kwa helikopta, matibabu na kurudishwa nyumbani endapo utavunjika mguu mahali pasipofikika kwa gari, na utunze jibu lake. Uharibifu wa pikipiki yenyewe ni jambo jingine, ambalo kwa kawaida hukatwa katika dhamana unayoweka kwa mwandaaji. Ujue kiwango chake mapema.

Leseni inahusika na bima moja kwa moja, kwa kuwa anayeendesha bila daraja la pikipiki huweza kunyimwa malipo hata kama ajali si kosa lake. Kibali cha kimataifa cha udereva kwa kawaida hutolewa chini ya mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani wa 1949 au ule wa 1968. Cha kwanza hudumu mwaka mmoja, cha pili hakizidi miaka mitatu, na vyote viwili hubebwa pamoja na leseni ya nyumbani. Hakikisha unachukua kile kinachotambuliwa na nchi unayokwenda, na kwamba kimegongwa muhuri kwenye daraja A, yaani la pikipiki.

Hatua ya tatu: Andaa miguu kabla ya mikono.
Porini mtu huendesha akiwa amesimama juu ya vikanyagio kwa sehemu kubwa ya siku, hivyo mapaja na kiuno ndivyo vinavyobeba kazi. Fanya mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka, na upande vilima kwa miguu. Mikono hukakamaa kwa sababu mwendeshaji ananing'inia kwenye usukani badala ya kubana tangi kwa magoti, kwa hiyo dawa yake ni mkao sahihi kuliko nguvu. Jizoeze pia kuinua pikipiki iliyolala, ukitumia miguu huku mgongo umenyooka, kwani utaanguka, na pikipiki ya kilo 110 inayoinuliwa mara kumi kwa siku humaliza pumzi.

Hatua ya nne: Funga mizigo.
Buti mpya ni ngumu kiasi kwamba hausikii gia wala breki ya nyuma, kwa hiyo zivae nyumbani kwa majuma kadhaa. Safiri nazo ndani ya ndege pamoja na helmeti, shirika likiruhusu: sanduku likipotea, utaazimwa jezi na kinga za magoti, lakini buti za kukutosha sawasawa ni nadra. Ongeza mfuko wa mgongoni wa maji wa lita 2 au 3, glavu jozi mbili na kioo cha akiba cha miwani. Betri za kuchajia simu huwekwa kwenye mzigo wa mkononi.

Hatua ya tano: Asubuhi ya kwanza.
Piga picha kila mkwaruzo kabla ya kutia sahihi. Simama juu ya vikanyagio, kisha omba vishikio vya klachi na breki viinamishwe mpaka viganja vyako vinyooke sambamba na mikono yako. Mwisho, sikiliza utaratibu wa njia panda: mara nyingi aliye nyuma ya kiongozi husimama hapo akionyesha upande wa kupita, na haondoki, hata akisubiri nusu saa, hadi amwone mwendeshaji wa mwisho.