Bodi ya saketi yenye umbo la jani la mzabibu: namna ninavyochora ukingo wake

Ukingo wa bodi ni njia ya kisu. Kiwandani, bodi isiyo ya mstatili hukatwa na kisu chembamba kinachozunguka, mara nyingi chenye kipenyo cha milimita 2 hivi, kikifuata mstari ulioutuma. Kwa kuwa kisu ni cha mviringo, kona kali ya kuingia ndani hakiiwezi. Kitaiacha na tao la milimita 1, upende usipende. Karibu kila ninachokieleza hapa kinatokana na hilo.

Mimi ni fundi wa Nkuhungu, hapa Dodoma, na mchana kutwa nahangaika na inveta na chaja za sola. Bodi ninayoitumia kama mfano ni kipimo cha unyevu wa udongo kwa ajili ya mashamba ya zabibu. Juu ni jani la mzabibu, chini ni kikonyo kirefu kinachochomekwa ardhini. Mzee mmoja mwenye shamba Hombolo alipoona cha mstatili aliniambia, "Fundi, hiki vijana wangu watakitupa wakidhani ni uchafu." Nikamjibu, "Basi Mzee, nitakipa sura ya shamba lako." Na kweli, kwenye meza ya maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, jani watu hulishika kabla hata hawajauliza linafanya nini.

Nina programu mbili tu, zote za bure: Inkscape kwa kuchora mikunjo, KiCad kwa kutengeneza bodi yenyewe. Kama bodi yako ni duara, au mstatili wenye kona za mviringo, achana na Inkscape kabisa. Chora moja kwa moja ndani ya KiCad kwa zana za mstari, tao na duara, kwenye tabaka la ukingo linaloitwa Edge.Cuts, umemaliza. Safari ya programu mbili ni kwa maumbo yasiyo na kanuni: jani, samaki, ramani ya mkoa.

Anza na kipimo kabla ya uzuri. Viwanda vingi vya China vinavyopokea oda ndogo huweka bei yao nafuu kwa bodi isiyozidi milimita 100 kwa 100. Kwa hiyo jani langu lina upana wa milimita 70, na urefu wote pamoja na kikonyo ni milimita 98. Nachuma jani, nalilaza ndani ya kitabu kizito hadi linyooke, kisha nalipiga picha juu ya karatasi nyeupe nikiwa nimeweka rula pembeni. Simu iwe juu kabisa ya jani, isiinamie upande. Ikiinama, upande mmoja wa jani utanenepa.

Ndani ya Inkscape, fungua Document Properties na uweke vipimo kuwa milimita. Ingiza picha, ivute hadi milimita 50 za rula zilingane na milimita 50 za programu, halafu ififishe uweze kuchora juu yake. Kuna amri ya Trace Bitmap inayofuata picha yenyewe bila wewe kugusa kitu. Kwa nembo yenye rangi mbili inafaa. Kwa jani sikushauri: itakamata kila jino dogo la ukingo na kukuletea mamia ya nodi, yaani vituo vinavyoushika mstari, na kila nodi ya ziada ni mahali ambapo mstari unaweza kukatika baadaye. Chukua kalamu ya Bezier, kitufe cha B, uzunguke jani kwa mkono. Weka nodi kwenye ncha za vile vidole vitano, kwenye vilindi kati yake, na moja au mbili katikati ya kila mkunjo. Inatosha. Wengine huchora nusu na kuigeuza kama kioo ili pande zilingane. Mimi sipendi, hakuna jani la kweli lenye pande sawa, na macho hulijua hilo hata kama mwenye macho hajui anachokiona.

Sasa jaribio la kisu. Chora duara lenye kipenyo cha milimita 2, lisogeze ndani ya kila kilindi kati ya vidole vya jani. Likigusa sakafu ya kilindi bila kubanwa na kuta, kisu nacho kitafika. Likikwama njiani, panua kilindi au uzungushe sakafu yake kwa athari iitwayo Corners, ukiweka nusu kipenyo cha milimita 1 au zaidi. Mimi huweka 1.5 ili kiwanda kisiwe na cha kuuliza. Ncha za nje hazina tatizo hilo, kisu huzikata kali kadiri utakavyo, ila zizungushe kidogo kwa ajili ya vidole vya watu. Ukimaliza, tumia Object to Path ili mikunjo hiyo iwe sehemu halisi ya mstari.

Kabla ya kuhifadhi, kuna jambo linalowasumbua wengi. Kwa kawaida Inkscape hupima umbo pamoja na unene wa mstari wake. Mstari ukiwa mnene wa milimita 1 na wewe umeandika upana wa 70, njia ya kisu inayopita katikati ya mstari itakuwa na upana wa 69. Nenda kwenye Preferences, sehemu ya Tools, uchague Geometric bounding box. Weka mstari uwe wa milimita 0.1, ondoa rangi yote ya ndani, kisha hifadhi kama Plain SVG. Na ukirithi faili la zamani la mtu, lipime upya: kabla ya toleo la 0.92 la mwaka 2017, Inkscape ilihesabu nukta 90 kwa inchi, sasa ni 96, na umbo la milimita 80 linaweza kukutokea likiwa na 75.

Ndani ya KiCad, fungua kihariri cha bodi, nenda File, Import, Graphics. Chagua faili lako, tabaka liwe Edge.Cuts, skeli iwe 1, na uchague kuliweka kwenye nukta maalumu badala ya kulidondosha kwa kipanya. Sababu ni mishipa ya jani. Mishipa nimeichora kwenye faili la pili lenye ukurasa uleule, nami naiingiza kwenye tabaka la F.Mask kwa nukta ileile, hivyo inakaa mahali pake bila kubahatisha. Pale penye mishipa rangi ya kijani haipakwi. Chini yake acha shaba, na kiwanda kitaipaka risasi au dhahabu, mishipa itang'aa.

Pima upana kwa zana ya kupimia. Kisha bonyeza Alt na 3 uone bodi kwa 3D. Ukiona jani, mstari umefungika. Ukiona mstatili na onyo, kuna mwanya mahali fulani. Endesha DRC, ukaguzi wa makosa wa KiCad, itakuonyesha ulipo. Chanzo huwa ni nodi mbili zinazokaribiana bila kugusana, au mstari uliorudiwa juu ya mwingine. Ukishapona, ufunge ukingo kwa amri ya Lock ili usiuvute bila kukusudia wakati unapanga rezista.

Eneo la shaba usilichore kwa kufuata jani. Chora mstatili mkubwa unaolizidi jani pande zote, bonyeza B, na KiCad yenyewe itaikata shaba ifuate ukingo. Umbali kutoka ukingoni unauweka kwenye Board Setup, sehemu ya Constraints. Milimita 0.5 ni salama kwa bodi za kawaida. Kwenye kikonyo mimi naacha milimita 1 nzima, kwa sababu kinakaa udongoni na maji hupenya kwenye ukingo uliokatwa, pasipo na rangi ya kuuziba.

Sehemu ya kufikiria zaidi ni shingo, pale kikonyo kinapokutana na jani. Kiangazi udongo wetu hukakamaa, na mtu atakisukuma kipimo kwa kiganja chote. Bodi ni ya FR-4, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, yenye unene wa milimita 1.6, ngumu, lakini nguvu yote hukusanyika kwenye kona ya shingo. Kikonyo changu kina upana wa milimita 16, na kona mbili za shingo nimezipa tao la milimita 5, si kwa ajili ya kisu bali zisipasuke. Kapasita za kauri usizikaribishe hapo kabisa. Bodi ikipinda hata kidogo, kauri hufanya ufa usioonekana kwa macho, na kipimo huanza kusema uongo bila kuzimika.

Chapisha ukingo kwenye karatasi kabla ya kulipa. Steshenari yoyote ya karibu itakufanyia, ila mwambie kijana wa mashine achapishe asilimia 100, asilinganishe na ukurasa. Pima kwa rula, gundisha kwenye boksi, kata kwa mkasi, panga vifaa vyako halisi juu yake. Soketi ya betri iliyotokeza nje ya jani utaiona vizuri zaidi hapo kuliko kwenye skrini.

Ukitaka majani kadhaa kwenye bamba moja, usiombe mkato wa V, yaani mfereji wa kuvunjia bodi. Huo hupita kwenye mistari iliyonyooka tu. Yaunganishe kwa vidaraja vyembamba vilivyotobolewa matundu ya milimita 0.5, yakatike kama stempu za posta. Vidaraja viwe kwenye migongo ya vidole vya jani, ambako utafikia kwa tupa, visiwe vilindini wala kwenye kikonyo.

Toa faili za Gerber, yaani michoro ya matabaka inayosomwa na kiwanda, ukihakikisha Edge.Cuts imo, toa na faili za matundu, kisha zifungue zote ndani ya GerbView, kitazamaji kinachokuja na KiCad, kwani kiwanda kitaziona hizo wala si mradi wako. Kwenye maelezo ya oda naandika kwamba ukingo ukatwe kama ulivyo na kona zisinyooshwe. Bodi zikifika, kwaruza vumbi la ukingo wa kikonyo kwa msasa wenye maji, uvae barakoa maana ni unga wa kioo, kisha paka rangi ya kucha kuzunguka ukingo wote mara mbili. Ya kwanza ikauke kabisa ndipo upake ya pili.