Kabla Maji Hayajashuka Bondeni: Mambo ya Kuzingatia Rufiji

Mtu wa Rufiji hawezi kuyachukia mafuriko moja kwa moja. Maji yakipanda kwa kiasi chake huacha rutuba shambani, hujaza maziwa ya bondeni na kuingiza samaki. Yakishaondoka, watu hulima mlau: mahindi, kunde, choroko na maboga, kwenye udongo uliobaki na unyevu, bila kungoja mvua nyingine. Ndiyo maana hata baada ya mafuriko ya 1968, serikali ilipowahamisha watu kwenda kwenye vijiji vya sehemu za juu, wengi waliendelea kushuka bondeni kila msimu na kulala kwenye madungu yao, vile vibanda vya shambani vya juu ya nguzo. Ukimwambia mkulima wa huku "hama bondeni" ukaishia hapo, hujamsaidia. Chakula chake kiko huko. Maandalizi ninayoyaeleza hapa ni ya watu watakaoendelea kulima bondeni, na yanataka mambo mawili: kila mtu atoke salama, na kila kaya ibaki na cha kuanzia maji yakiondoka.

Kwanza fahamu maji yako yanatoka wapi. Mto Rufiji unapokea mito ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na bonde lake lote limechukua karibu moja ya tano ya nchi. Mvua iliyonyesha Mbeya, Iringa na milima ya Morogoro ndiyo inayokuja kuujaza mto huku Utete. Kwa hiyo jua linaweza kuwaka Muhoro siku nzima na usiku maji yakaingia shambani. Kuanzia Machi hadi Mei usitazame mawingu ya kijijini kwako peke yake. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa mikoa ya juu, na uzijue ngazi zake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Likitoka angalizo la mikoa hiyo, huo ndio wakati wa kuanza kuhamisha vitu, maana barabara bado inapitika na vijana bado wana nguvu.

Juu ya mto sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Bwawa linashika maji mengi, lakini likijaa lazima yafunguliwe. Wazee waliokuwa wakisoma mto kwa rangi ya maji na kwa majani yanayoelea wanahitaji sasa habari nyingine ya kuongezea kwenye ujuzi wao: lini maji yanafunguliwa, na kwa kiasi gani. Serikali ya kijiji isingoje barua. Mwenyekiti na mtendaji wawe na namba ya simu ya afisa wa wilaya anayehusika, na wawe wameshazungumza naye kabla ya masika. Halafu lipo swali ambalo vikao vingi hulisahau: nani ataifikisha habari hiyo kwenye dungu la mwisho kabisa? Huko mara nyingi mtandao haufiki. Dungu limesimama juu ya nguzo, mama yuko juu na watoto wanafukuza ndege kwenye mpunga, na tangazo lililosomwa msikitini halikuwafika. Pangeni majina. Kijana fulani anapita upande huu kwa baiskeli, mwingine anavuka kwa mtumbwi, na kila mmoja anajua ni madungu mangapi yako kwenye njia yake na nani amelala humo.

Pili, pimeni ardhi kwa kumbukumbu. Waulizeni wazee maji ya 1974 yalifika wapi, na ya 1998, halafu mlinganishe na mliyoyaona wenyewe 2024. Wekeni alama ya rangi kwenye ukuta wa shule au kwenye shina la mwembe mkubwa, ili mtoto aliyezaliwa jana akikua aione. Kitu hiki hakina gharama, na kinamaliza ubishi pale mtu anapotaka kujenga nyumba ya tofali kwenye mkondo wa zamani. Njia ya kutokea nayo ipitiwe kwa miguu wakati wa kiangazi, pamoja na wazee na watoto, mkiangalia sana mahali inapokatwa na vijito. Maji yaendayo kasi yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, na matope yake yanaficha mashimo. Kwenye mto huu tuna mamba na viboko, nao husambaa pamoja na maji. Nyoka hupanda kwenye miti na mapaa wanakokimbilia watu. Kwa hiyo fimbo na tochi vitangulie, usiku hasa.

Mitumbwi ihesabiwe mapema: mingapi, ya nani, ipi inavuja. Mtumbwi unaovuja uzibwe Februari. Wenye mitumbwi wakubaliane mbele ya kijiji kwamba siku ya hatari wanaanza kubebwa wajawazito, wagonjwa, wazee na watoto, na kwamba hakuna nauli. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandikwe mlangoni, lakini msikae mkiitegemea peke yake, kwani msaada huchelewa barabara ikikatika. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili, kimbunga Hidaya kilifika pwani mapema Mei na barabara ya kusini ikakatika. Kutokana na hilo, zahanati iwe na akiba ya dawa kabla ya masika. Anayetumia dawa za kila siku, za kisukari, presha au ARV, aombe za kumtosha muda mrefu zaidi. Mjamzito aliyekaribia kujifungua apande mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali.

Nyaraka watu huzikumbuka wakiwa wameshachelewa. Kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi ya kliniki ya mtoto, hati ya kimila ya shamba: vyote viingie kwenye mfuko wa nailoni, ufungwe mara mbili, ukae mahali pamoja panapojulikana na wote nyumbani. Vipige picha kwa simu, uwatumie watoto au ndugu walioko Dar. Hati ya shamba ina uzito wa pekee, kwa sababu mto huhamisha kingo zake na kufuta mipaka. Kama hamna hati, basi majirani wapite pamoja kwenye mipaka na mjumbe, waiandike na kutia sahihi. Ugomvi wa mpaka baada ya mafuriko huvunja udugu wa miaka mingi.

Sasa mbegu, na hapa naomba nikae kidogo. Mpunga mwingi hupandwa kabla ya masika na huvunwa karibu Juni, kwa hiyo mafuriko makubwa ya Aprili yanaukuta shambani, haujakomaa. Aprili 2024 mashamba ya Rufiji na Kibiti yalikaa chini ya maji hivyo hivyo. Nchi nzima, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge mwezi huo kwamba watu 155 walikuwa wamefariki kutokana na mvua zile. Aliyenusurika akapoteza mpunga alikuwa bado na mlau mbele yake, ila mlau bila mbegu ni ardhi tupu. Msaada unaokuja huwa ni unga na maharage ya kula, na mbegu zikija huja wakati unyevu umeshakauka. Kila kaya itenge mbegu ya mlau kabla ya Machi. Kunde na choroko zikaushwe vizuri, zichanganywe na majivu makavu, zitiwe kwenye dumu la lita 20 hadi lijae pomoni hewa isibaki, mfuniko ufungwe na kuzungushiwa mpira. Mahindi yabaki na maganda yake, yaning'inizwe juu ya moshi wa jiko. Dumu lisikae bondeni. Lipelekwe nyumba ya juu, na sehemu nyingine iwe kwa ndugu wa kijiji kingine, maana paa moja likianguka mbegu yote isipotee.

Wakati wa kukimbia watu huhamia shuleni, na hapo ndipo kipindupindu huanza. Vyoo vya ziada vichimbwe kabla, sehemu ya mwinuko, mbali na kisima. Vidonge vya kutibu maji viwepo, na kila mama ajue kipimo hiki cha maji ya kumnywesha anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vyandarua visisahaulike, kwani mbu huongezeka sana maji yakituama. Wasichana na wanawake wapewe chumba chao chenye komeo.

Yako pia mambo yasiyonunulika tena. Makaburi ya wazee yaliyo karibu na mto yanaweza kuliwa na ukingo, kwa hiyo majina ya waliolala pale na mahali walipo yaandikwe, kijiji kikubaliane mapema na mashehe kuhusu kuyahamisha au kuyaacha. Misahafu na vitabu vya madrasa viwekwe juu ya dari. Na yule bibi anayejua mbegu gani inastahimili matope na ipi haistahimili, akae na wajukuu wamsikilize na kurekodi kwa simu angali na nguvu.

Maji yakianza kuondoka, usikimbilie shamba lote. Ardhi hukauka kuanzia sehemu za juu, nawe unapanda ukiyafuata maji yanavyoshuka, kipande kwa kipande. Ndiyo maana mbegu igawanywe mafungu tangu mwanzo, maana mto unaweza kupanda tena kidogo na kuchukua kile cha kwanza.