Jinsi ya kusoma hotuba za wanawake waliopigania kura

Kabla hujaanza kusoma, jiulize hapa anajibiwa nani, manake hotuba nyingi za hawa wanawake wa Marekani na Uingereza waliodai haki ya kupiga kura ni majibu, na majibu yao makali zaidi waliyatoa mdomoni mwa mpinzani mwenyewe. Anza na tamko la haki za wanawake lililotolewa kwenye mkutano wao wa Seneca Falls, New York, mwaka 1848, weka pembeni Tangazo la Uhuru wa Marekani la 1776, usome mstari kwa mstari. Elizabeth Cady Stanton, mwandishi wake mkuu, kachukua ile sentensi ya watu kuumbwa sawa, kataja wanaume NA wanawake, halafu pale kwenye mashtaka dhidi ya mfalme wa Uingereza kamweka mwanaume. Sasa Mmarekani akiyakataa hayo anakuwa kaukana hata uhuru wake mwenyewe, hana pa kutokea. Hapa usikimbie kabisa, soma hata mara tatu.

Ukishaijua hiyo mbinu utaiona kila mahali. Mwaka 1917 wanawake walisimama nje ya Ikulu ya Marekani na mabango, mengine yameandikwa maneno ya Woodrow Wilson, rais wa wakati huo, kuhusu demokrasia, kwa hiyo soma na mabango pia, sio hotuba tu.

Pili, kamata maneno madogo. Susan B. Anthony, Mmarekani mwenzake Stanton, alipiga kura Rochester, New York, 1872 wakati wanawake hawakuruhusiwa, akakamatwa, na kabla ya kesi alizunguka huko akihutubia watu, hoja yake ikasimama kwenye neno moja tu, "sisi": katiba inasema sisi watu, haijasema sisi raia wanaume weupe. Alipigwa faini ya dola 100 na hakulipa.

Tatu, mifano. Emmeline Pankhurst, kiongozi wa wanawake waliodai kura Uingereza, akiwa Hartford, Marekani, Novemba 1913, alisimulia watoto wachanga wawili wenye njaa, mmoja anangoja kimya, mwingine anapiga kelele na mateke, je nani atalishwa kwanza? Kumbuka wenzake Uingereza walikuwa wanavunja vioo na watu wanawalaumu, sasa yeye badala ya kujitetea kawapa picha ambayo yeyote aliyelea mtoto anaijua, na mimi naona hakuna aliyemzidi hapo.

Tenganisha pia hoja ya haki (kura ni yetu) na hoja ya faida (tukipiga kura jamii itanufaika), mara nyingi zinachanganywa kwenye aya moja.

La mwisho na tafadhali usiliruke: kila ukikuta "sisi", uliza nani kaachwa nje. Stanton huyo huyo, wakati wa mjadala wa kuwapa wanaume weusi kura, aliwasema kwa dharau, inauma kusoma lakini isome. Na Machi 1913 kwenye maandamano ya wanawake kudai kura Washington, Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi, aliambiwa wanawake weusi watembee nyuma, akakataa, msafara ulipoanza akaingia katikati ya wenzake wa Illinois akatembea nao.