Kutunza Ngozi Iliyopigwa Mionzi Baada ya Kurejea Mtwara au Lindi

Mgonjwa anayemaliza tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hupanda basi la kurudi Kusini akidhani ngozi yake imeshapita hatari, ilhali madhara mara nyingi hufikia kilele wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho, akiwa tayari nyumbani Masasi au Nachingwea.

Dalili huanza takriban wiki ya pili au ya tatu ya tiba, kwa kuwa mionzi hudhuru seli zinazozalisha ngozi mpya. Maelezo mengi hutaja wekundu, lakini kwetu sisi weusi wekundu huo hujificha: tazama kama sehemu hiyo imekolea weusi au kuwa ya zambarau, inachoma, inawasha au inakaza. Chunguza zaidi kwapani, chini ya titi na kwenye kinena, maana kwenye mikunjo ndiko ngozi hubanduka upesi.

Osha kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ukitumia kiganja na si dodoki, kisha kausha kwa kugusagusa. Tiba ikiwa bado inaendelea, usifute alama ulizochorwa kuonyesha mahali pa kuelekeza mionzi. Kanga kuukuu, iliyolainika kwa kufuliwa, hufaa kuliko nguo yoyote ya kubana. Ngozi ikiwa nzima, paka losheni isiyo na manukato. Ipo pia krimu ya steroidi inayopunguza ukali wa madhara, lakini aiandike daktari.

Liwa, manjano na majivu yasiguse sehemu hiyo, wala barafu au chupa ya maji moto. Mafuta ya ganda la korosho, ambayo kila aliyewahi kubangua anajua yanavyounguza mikono mizima, yakae mbali kabisa.

Malengelenge yakitokea, usiyatumbue. Ngozi ikifunguka na kutoa majimaji, acha losheni, usibandike plasta juu yake, nenda ukafungwe kidonda kwa kitambaa kisichogandamana nacho. Ukipata homa, usaha, harufu mbaya au maumivu yanayozidi, fika siku hiyo hiyo hospitali ya Ligula mjini Mtwara au Sokoine mjini Lindi, ukiwa na karatasi zako za tiba, ili daktari ajue ni mionzi.

Kwa kawaida ngozi hufunga ndani ya wiki chache, ingawa weusi hukawia miezi. Hata ikishapona, ifunike unapokwenda shambani, kwa sababu itaendelea kuungua na jua kwa urahisi.